Jiwe Limekataa Kulala

Gongoni yote ni tambarare isipokuwa sebule ya shangazi yangu. Ukishavuka daraja la Sabaki ukitokea Malindi, ukaipita Mambrui, ardhi inajilaza chini kiasi cha kukufanya ujiulize bahari inazuiwa na nini. Haizuiwi sana. Viwanda vya chumvi vimeikaribisha bara, vikaitandaza kwenye mabwawa ya tope yaliyosawazishwa, jua likanywa maji na kuacha chumvi, na chumvi hiyo ya Gongoni, Marereni na Kurawa ndiyo sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya. Kwa hivyo watu wa hapa usawa wanaujua. Bwawa likiinama kidogo tu, maji hukimbilia pembe moja na pembe ya pili ikabaki kukausha matope. Shangazi amezaliwa, amekua na ameolewa katikati ya usawa huo wote, kisha akajijengea sebule ambayo kikombe cha chai kinahama mezani bila kusukumwa na mtu.

Chanzo ni spageti. Shangazi alipika miaka mingi katika nyumba ya Mtaliano mmoja Malindi, na kila alipoinama kuokota kijiko aliiangalia sakafu ya tajiri wake kwa jicho la husuda. Ilikuwa ya mawe ya Galana. Asiyeyajua mawe haya aingie nyumba za kitalii za Malindi au Watamu, avue viatu, atayakanyaga tu: mabapa ya jiwe la mchanga, mengine kahawia, mengine manjano, mengine yana wekundu wa kutu, yanayochimbwa huko bara upande wa mto Galana, mto uleule ambao ukikaribia bahari tunauita Sabaki. Jiwe lenyewe limejipanga tabaka juu ya tabaka. Mchimbaji hulipiga tindo ubavuni likapasuka bapa, na uso unaopatikana ni ule ambao mchanga ulitulia nao kabla hajazaliwa mtu. Ndiyo uzuri wake. Ndiyo taabu yake pia, maana bapa moja linatoka na unene wa kidole, la pili unene wa vidole vitatu, na hakuna wa kumshitaki.

Binamu yangu alipopata kazi Ghuba na kuanza kutuma pesa, shangazi alipelekwa duka la vifaa vya ujenzi akaonyeshwa vigae vinavyong'aa. Akavitazama, akavigonga kwa pete, akasema, "Hivi ni vya hospitali." Akaagiza lori la mawe.

Fundi aliyeyatandaza alikuwa bingwa wa kuta. Ukuta wake ukiuwekea timazi, timazi ndiyo inayoona haya. Sakafu lakini aliifanya kwa imani. Alimwaga simiti, akaweka jiwe, akaligonga kwa mpini wa nyundo, akalisifu na kuendelea na la pili. "Mama, hili limelala," alikuwa akisema kila mara, na shangazi akaitikia jikoni, "Alhamdulillahi." Mengi hayakuwa yamelala. Yalikuwa yamejinyoosha tu. Simiti ilipokauka, kila jiwe lilikuwa limeshachagua upande wake wa kutazama, na pale moja lilipopanda juu ya mwenzake pakabaki ukingo ambao sisi tuliuita mdomo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuuma vidole.

Mdomo mkubwa kuliko yote ulikuwa mlangoni. Jiwe hilo tulilipa jina la Karibu. Mgeni akisema hodi, tukajibu karibu, jiwe likamkaribisha kweli. Wenyeji tulijifunza kuinua mguu bila kufikiri, hata nilipokuwa kwenye nyumba za watu Mombasa niliinua mguu mlangoni bila sababu, nikaonekana mtu mwenye madaha. Kuku nao walijua. Paka alijua. Wageni ndio waliobaki, na shangazi akawa anawatetea kwa maneno yaleyale: "Pole mwanangu, ni mawe ya asili hayo."

Mkasa uliobadilisha mambo ulitokea siku ya posa ya binti wa nyumba. Wazee wa upande wa bwana harusi walifika na kanzu zilizopigwa pasi, mshenga mbele, mtu mzima mwenye sauti ya khutba. Alipofika kizingitini alitoa salamu ndefu, akapiga hatua, na Karibu ikafanya kazi yake. Kofia ilitangulia. Mzee akafuata. Akatua kwa magoti yote mawili mbele ya mume wa shangazi, mikono imeshika mguu wa kiti, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza sentensi hakuikatisha: "...tumekuja kwa unyenyekevu." Kilichofuata ni kimya, kisha nyanya mmoja wa upande wetu akapiga kigelegele akidhani ndiyo desturi yao. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika Mambrui kwamba watu wa bwana harusi wameomba mke kwa magoti. Upande wao wakataka sakafu ile irekebishwe kabla ya harusi, au harusi ifanyiwe uwanjani. Shangazi akaona heshima ya nyumba imeingia mashakani. Mimi, kwa kuwa nilikuwa likizoni na nina simu yenye tochi, nikateuliwa msimamizi wa mradi.

Msimamizi anatakiwa kwanza ajue lengo. Nikauliza watu wa nyumba: sakafu iwe sawa kiasi gani? Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika nyumba moja kuna vipimo vingi kuliko idara ya serikali. Shangazi kipimo chake kilikuwa meza: miguu minne yote iguse chini kwa pamoja. Mumewe kipimo chake kilikuwa kiti cha redio, ambacho kwa miaka kilikuwa kimekaa juu ya kipande cha ndara, na hakutaka kipande hicho kiguswe kwa sababu sasa kiti kimemkubali. Wajukuu walitumia gololi, na wao walitaka iendelee kukimbia, la sivyo mchezo utakufa. Binti anayeolewa alitaka sakafu ambayo kiatu cha kisigino kinaweza kuivuka kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Bibi harusi akishinda hoja hakuna rufaa, kwa hivyo tukaandika kisigino.

Nikaenda kununua pima maji mpya, ya urefu wa mkono, ya manjano, yenye macho matatu. Ikawekwa juu ya kabati. Ikumbukeni hiyo pima maji.

Ni vizuri pia niseme jambo ambalo nililisikia kwa kila fundi na kila mmoja alilisema akidhani mimi silijui: kuna sakafu iliyonyooka na kuna sakafu iliyo sawa na maji, na hizo ni mbili. Veranda inaweza kunyooka vizuri kabisa na bado ikainama kuelekea nje, na ndivyo inavyotakiwa, ili mvua isiingie ndani. Kwa kunyooka, unaweka rula ya mita 2 sakafuni na kuchungulia chini yake. Kwenye vigae fundi makini hataki kuona nafasi inayozidi milimita 3. Chini ya rula yetu paka angepita. Nasema hivi kwa kuwa nilimwona akijaribu.

Fundi wa kwanza wa kusaga alikuja kwa bodaboda, na mashine yake yote ilikuwa ndani ya mfuko wa sukari: grainda ya mkono na diski moja. Alitazama sakafu, akacheka, akasema kazi ya nusu siku. Hakutaka maji. Maji, alisema, yanachelewesha. Akafunga shati usoni, akawasha.

Wapo wanaoamini kwamba kaskazi ndio upepo unaobeba vumbi Gongoni. Hawakuwa na sisi siku ile. Sebule ilitoweka. Tulimsikia fundi humo ndani ila hatukumwona, na baada ya muda hata mlango haukuonekana. Vumbi likatoka dirishani, likavuka ua, likaingia jikoni kwa jirani aliyekuwa akisukuma chapati, na jirani akatoka nje amekuwa mweupe kuanzia kope. Mume wa shangazi, anayevaa miwani minene, alimwamkia shikamoo akidhani ni marehemu mama yake. Nguo za harusi zilizokuwa kabatini chumba cha tatu, ndani ya mfuko wa plastiki, zilipata rangi ya Galana ambayo haijawahi kutoka.

Hapa niache mzaha kidogo. Jiwe la mchanga limejaa madini yanayoitwa silika, na vumbi lake likisagwa kavu linaingia ndani ya mapafu na halitoki. Linaleta ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na tangu 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka kwenye orodha ya vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Fundi yule shati lake halikumsaidia kitu. Vijana wengi wa pwani wanafanya kazi hii kila siku wakiwa na leso tu puani, na wenye nyumba wanasimama pembeni wakihimiza. Maji ndiyo dawa: sakafu ikisagwa ikiwa imelowa, vumbi linageuka tope kabla halijaruka. Tukamlipa nusu, tukampa maziwa, akaondoka. Alikuwa amefuta robo ya mdomo mmoja.

Fundi wa pili tulimtoa Mombasa. Huyu alikuwa mtu wa terazo, mzee wa kazi, amesaga mabaraza ya shule na korido za wodi mpaka magoti yamepinda. Mashine yake ilikuja kwa pikapu ikashushwa na wanaume sita, mmoja wao mshenga, aliyekuwa amekuja kukagua maendeleo. Ilikuwa na mpini mrefu, mota kubwa, na chini yake sahani zenye meno. Fundi akauliza, "Fezi tatu iko wapi?" Tukatazamana. Mume wa shangazi akasema labda iko kwa jirani. Stima ya nyumba ile ni ya fezi moja, na siku za kawaida inasumbuka hata kwa birika. Tukakodi jenereta. Jenereta ilikunywa dizeli kwa bidii ambayo hakuna kibarua aliyewahi kuionyesha kwenye ua ule.

Sasa sikilizeni habari ya almasi, kwa sababu hapa ndipo pesa ya Ghuba ilipoyeyukia. Meno ya mashine hizi yana chembe za almasi zilizoshikwa na chuma. Unaweza kudhani almasi, iliyo ngumu kuliko vitu vyote vya ardhini, haiwezi kushindwa na jiwe la Galana. Almasi haishindwi. Kinachoshindwa ni chuma kilichoishika. Jiwe gumu kama graniti linahitaji chuma laini, ili kiishe polepole na kutoa chembe mpya zenye makali. Jiwe la mchanga kazi yake ni kinyume: punje zake zinatafuna chuma, kwa hivyo linahitaji chuma kigumu. Meno aliyokuja nayo fundi wetu yalikuwa ya graniti. Aliyaweka asubuhi yakiwa marefu. Saa sita mchana akainua mashine, akachungulia, akakaa chini. "Mawe yenu yamekula almasi," akasema. Shangazi akajibu kwa fahari iliyokuwa kubwa kuliko hasara, "Nilikwambieni si vigae hivi."

Meno mengine yakaagizwa. Yalifika na matatu ya Malindi yakiwa yamewekwa juu ya kreti ya samaki, na kwa siku kadhaa sebule ilinukia changu.

Kazi ikaanza upya, safari hii vizuri. Jiwe husagwa kwa ngazi: unaanza na namba 30, ambayo ni mkwaruzo mkubwa, ukapanda 60, 120, 220, 400, na kuendelea mpaka litakapokuridhisha. Kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka ngazi, mikwaruzo inajificha chini ya mng'ao na kujitokeza siku ya wageni. Fundi alituhubiria hayo kwa ukali, kisha akagundua kwamba 60, 120 na 220 zimebaki Mombasa. Akaruka. Akasema kwa Galana haina neno. Mpaka leo, jua la saa kumi likiingia kwa dirisha la magharibi, kona moja ya sebule inaonekana imejaa miduara, na wajukuu wanaitumia kuchezea mdako.

Halafu simu ikalia. Mashine ya kusaga sakafu haitakiwi kusimama mahali pamoja hata kidogo. Inapelekwa huku na huku bila kupumzika, maana ikisimama inachimba. Aliyepiga simu alikuwa mke wa fundi, na hoja yake, kwa tuliyoyasikia wote, ilikuwa ada ya shule. Hoja ya ada haijibiwi kwa ufupi. Fundi akabana simu begani, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine ukieleza, na mashine ikazunguka palepale karibu na kochi, ikitulia, ikizama. Alipokata simu tulikuwa na bakuli. Si kubwa, ila limechongwa vizuri, na lina mng'ao kuliko sehemu yoyote ya sakafu. Paka hunywa maji humo. Tumeshindwa kumkataza.

Tope la kusaga nalo lilikuwa na akili yake. Unga wa mawe ukichanganyika na maji unakuwa uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, na uji huo hauhitaji pima maji: unajua bonde liko wapi. Tulidhani kona ya chini kabisa ni ya mlangoni. Uji ukasema hapana, ukatiririka kinyumenyume mpaka chumba cha wajukuu, ukapita chini ya mlango na kukusanyika chini ya kitanda, ambako bata wa shangazi waliugundua kabla yetu na kuogelea. Mmoja wa vibarua alitaka kuusukuma wote kwenye shimo la bafu. Fundi alimrukia kama anayeokoa mtoto. Uji ule ukitulia ndani ya bomba unaganda ukawa jiwe tena, na hapo nyumba nzima ingeogea nje.

Siku hizo kila mtu wa mtaa alipitia kutazama. Walisimama, wakapiga mluzi, wakatoa ushauri, wakachukua pima maji kutoka kwenye kabati, wakaiweka chini, wakatikisa kichwa kama madaktari, wakairudisha. Jioni moja haikurudi. Tulitafuta chini ya kochi, kwenye tope, kwenye pikapu ya fundi. Fundi aliapa kwa jina la mama yake. Mshenga alikasirika kwamba tulimtazama.

Sakafu ikakaushwa. Fundi akalipwa, mashine ikapakiwa, shangazi akafagia, akafungua madirisha. Ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Rangi zilikuwa zimetoka, mistari ya tabaka inaonekana. Asubuhi ya tatu akaamka akakuta sebule imekuwa nyeupe.

Tulikuwa tumesahau tuko wapi. Maji ya kusagia yalitoka kisimani, na kisima cha Gongoni mnakijua: chai yake haihitaji chumvi. Jiwe la mchanga linakunywa maji kwa vitundu vyake, na maji yalipopanda kukauka juu yaliiacha chumvi usoni, unga mweupe laini, ile shura tunayoiona kwenye kuta za zamani. Shangazi akauonja kwa kidole. Akasimama kimya, kisha akasema, "Watu wana viwanda, sisi tuna sebule." Jirani mmoja aliyewahi kuvuna chumvi alisema kwa mavuno ya kwanza si mabaya.

Kosa lingekuwa kuiosha kwa maji yaleyale, na bahati nzuri hilo halikufanyika. Shura hufagiliwa kavu kwanza, kisha jiwe hufutwa kwa maji matamu, likaachwa likauke, likafutwa tena, mpaka chumvi ichoke. Dawa ya kuziba mawe haipakwi kabla ya hapo, kwa sababu inaifungia chumvi ndani nayo ikatafuta njia ya kutoka kwa kupasua uso wa jiwe. Maji matamu tuliyanunua kwa mitungi. Sitaji bei, mume wa shangazi husoma gazeti.

Katikati ya haya yote akaja yule Mtaliano, sasa mzee mstaafu, kumpa mpishi wake wa zamani mkono wa harusi. Alivuka kizingiti akainua mguu vizuri. Karibu ilikuwa imesagwa nusu tu. Akashika kiuno akaangalia. Shangazi akamweleza kwamba alitaka sakafu iliyonyooka kama ya kwake. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mama," akasema, "yangu mbovu sana! Miaka yote mimi najikwaa. Lakini mgeni anasema, oh, bella, asili." Shangazi alikuwa amepika katika nyumba ile miaka yote hiyo na hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu alikuwa akitembea na sinia, na mtu mwenye sinia anainua miguu. Mzee akaongeza kwamba kwao Venisi, mafundi wa terazo wa zamani walisugua sakafu kwa jiwe zito lililofungwa kwenye mti mrefu, na inasimuliwa kwamba waliimalizia kwa maziwa ya mbuzi ili ing'ae. Shangazi akamwangalia mbuzi wake kwa dirisha. Mbuzi akahamia kivuli kingine.

Yeye akisimulia ya Venisi, mimi nilikuwa nikiifikiria Ngomeni. Mwendo mfupi kutoka barazani kwetu, Aprili 1967, watu walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama majini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, wakarusha nyingine wakaipa jina la Uhuru, ikaenda kupima miale ya eksirei ya nyota za mbali. Walipiga hesabu za mbinguni kwa usahihi huo, na jiwe moja la mlangoni kwa shangazi lilikuwa halijashuka kiasi cha kumruhusu mtu mzima aingie na heshima yake.

Aliyetuokoa hakuja na mashine. Ni mzee wa nyumba ya tatu, aliyefanya kazi ya mabwawa ya chumvi ujana wake wote, kusawazisha matope kwa jicho na mguu. Alikuwa akitutazama tangu siku ya vumbi bila kusema neno, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Shangazi alipomuuliza, akasema, "Mnasaga mawe yote. Mawe yote yamekosa nini?"

Pima maji haikuwepo, akaomba bomba la plastiki la kumwagilia bustani, linaloonyesha maji ndani. Akalijaza maji, akashika ncha moja, mjukuu ncha nyingine, na maji yanapotulia yako usawa mmoja kwenye ncha zote mbili, hata kama kuna ukuta katikati. Akatia alama za chaki ukutani pande zote, akavuta uzi. Kisha akapita na mpini wa jembe akigonga jiwe moja moja na kusikiliza. Mengi yalijibu tu! tu! Matano yalitoa sauti ya ngoma. Hayo hayakuwa na simiti chini yake. Yalikuwa yamesimama kwenye hewa, na mashine ya Mombasa ilikuwa imeyapita yakitikisika bila kusagika sawasawa. Karibu ilikuwa mojawapo.

Hayo matano yaling'olewa, chini pakachimbwa, yakalazwa upya kwa simiti iliyojaa mpaka kwenye kingo. Kwa yaliyobaki alipaka chaki kwenye midomo peke yake, na fundi kijana akaja na grainda, mtungi wa maji matamu na barakoa ya kweli, akafuta midomo hiyo kwa mteremko mrefu, upana wa kiganja, bila kugusa tumbo la jiwe. Kazi iliisha kabla mbaazi hazijaiva, na shangazi huweka mbaazi motoni mapema.

Bado si sakafu ya vigae. Mawe yanapanda na kushuka, lakini polepole, na mguu unapata habari mapema. Meza bado ina karatasi chini ya mguu mmoja. Kiti cha redio kiko palepale juu ya kipande cha ndara. Kisigino kilivuka kutoka mlangoni hadi kwenye kochi bila aibu, na vigelegele vikawa vya sababu yake. Mshenga aliingia siku ya harusi, akafika kizingitini, akainua mguu juu kabisa kwa kumbukumbu, akautua mahali ambapo hapakuwa tena na kitu cha kuruka, akayumba, akashikwa na watu wawili. Alisema jiwe lile lina mapenzi naye.

Anayetaka mawe ya Galana, basi, aanze kwa kuyagonga, atumie maji anayoweza kuyanywa, na amfuate mzee wa chumvi kabla ya mashine ya Mombasa. Na wewe uliyeondoka na pima maji ya manjano yenye macho matatu, tafadhali irudishe kwa shangazi. Iweke juu ya kabati. Hatutakuuliza kitu, na chai ipo.